Shilingi Hamsini kwa Nyumba: Malipo ya Wanaotunza Akili na Tabia Kitui na Makueni



Mlitarajia nianze na mshahara wa daktari wa akili. Nitaanza na shilingi hamsini.

Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote. Kila mmoja hukabidhiwa nyumba mia moja hivi, na mkoba wenye mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto na simu. Posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Zigawanyeni kwa nyumba mia, mtapata hamsini.

Hamsini hiyo ni ileile Nairobi na Kyuso, huku Kitui, ila mwendo haulingani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 6,000 katika kila kilomita ya mraba ya Nairobi. Kitui, yenye watu 1,136,187 waliotawanyika katika kilomita za mraba zipatazo 30,000, hawafiki 40. Mhudumu wa mtaa wa mabanda anaweza kumaliza nyumba zake akiwa ndani ya ploti chache. Mwenzake wa Kyuso atavuka mito ya mchanga na mashamba ya mawele na pojo kabla hajabisha mlango wa kumi. Akipanda bodaboda, nauli inakula posho. Akitembea, jua linamla yeye.

Mtaniuliza hawa wanahusianaje na wataalamu wa akili na tabia. Wanahusiana kwa sababu, katika mfumo wa afya, wao ndio humwona kwanza kijana aliyeanza kujibizana na sauti asizosikia mwingine, mama aliyejifungua na hataki kumshika mwanawe, mtoto wa miaka minne asiyeitika jina lake. Kabla yao familia imekwisha kwenda kwa mũndũ mũe, yaani mganga wa kienyeji, au kwa mchungaji, na huko imelipa, kwa fedha, kuku au mbuzi. Simlaumu mzazi huyo. Amelipa kwa sababu aliyemwendea yuko karibu, anamjua, na anamsikiliza hadi mwisho.

Makueni walilielewa jambo hili mapema. Profesa David Ndetei na wenzake wa wakfu wa Afrika wa utafiti wa afya ya akili walishirikiana na kaunti hiyo kuwafunza wauguzi, matabibu na wahudumu wa vijijini kutumia mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 kwa ajili ya watu wasio madaktari wa akili. Waliwaketisha kwenye mazungumzo na waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, ili mgonjwa apelekwe zahanati badala ya kuvutwa huku na huku. Kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa kazi kubwa za afya zilizopata kufanyika Ukambani. Ilithibitisha kwamba utunzaji wa akili unaweza kuanzia kijijini. Lakini muuguzi aliyejifunza kumpima mtu sonona bado ana foleni ya chanjo, malaria na wajawazito, na ujuzi wake mpya haumpandishi daraja. Tumegawa kazi ya mtaalamu, mshahara wake hatukuugawa.

Sasa tupande ngazi. Katika utumishi wa umma, mshahara wa msingi wa watu wa daraja moja hautofautiani sana kati ya kaunti na kaunti. Kinachotofautiana ni marupurupu. Yale ya nyumba hupangwa kwa maeneo: Nairobi juu, miji mikubwa ikifuata, sisi wengine chini. Sababu yake inaeleweka, kodi ya Kilimani, Nairobi, si kodi ya mji wa Wote, Makueni. Lakini kwa mwanasaikolojia aliyehitimu chuoni hapa, tofauti hiyo ni mwanzo tu. Jijini akitoka kazini jioni anaweza kupokea wateja wake binafsi wanaolipa kwa saa. Akiwa Mutomo, Kitui, hana mteja wa namna hiyo. Hana mwenzake wa fani wa kumuuliza neno, na mara nyingi nafasi yenyewe haijatangazwa. Kwa hiyo tunamsomesha hapa, naye anahamia kule.

Marupurupu ya mazingira magumu yapo kwa baadhi ya sehemu zetu, na ni mema. Hata hivyo yanapima ukame na umbali kwa ramani ya jumla. Hayahesabu nyumba ambazo mtu amezifikia. Uingereza, nchi iliyo na London ya gharama, huwaongezea wahudumu wa afya wa jiji hilo, na Scotland huwaongezea pia wale wa visiwa vya mbali kama Orkney na Shetland. Ughali wa mji umelipiwa, na umbali wa kisiwa umelipiwa.

Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa na kuzikabidhi serikali za kaunti wajibu wa huduma hii. Nawaomba mawaziri wa afya wa kaunti zetu mbili walete kwenye bajeti mambo mawili. La kwanza ni nafasi ya kudumu ya mwanasaikolojia katika kila hospitali ya kaunti ndogo, yenye nyongeza inayokua kwa kila mwaka anaobaki. La pili ni nauli ya mhudumu wa kijiji, nje ya posho yake, ikihesabiwa kwa kilomita. Makueni, iliyothubutu mwaka 2016 kuzitibu familia zake kwa mchango wa shilingi 500 kwa mwaka, haiwezi kuniambia kwamba hesabu hii ni ngumu.

Wiki ijayo wahudumu watatoka tena na mikoba yao. Wa Kyuso ataanza saa kumi na mbili, kabla jua halijachoma mchanga.