Nembo si Mlango: Nafasi ya Msanifu Mchanga katika Programu Huria



Mwaka 1996 Larry Ewing alichora pengwini mnene, ameketi kitako kama aliyetoka kushiba. Alimchora kwa GIMP, programu huria ya kuhariri picha, na hadi leo pengwini huyo, Tux, ndiye nembo ya Linux. Wanafunzi wa usanifu hukipenda kisa hiki. Mimi naona kimewapotosha wengi, maana nembo huchorwa mara moja, lakini fomu hujazwa kila siku, na wachache sana hujitolea kuitengeneza fomu.

Chukueni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulioanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Au DHIS2, iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo huitumia kukusanyia takwimu za afya. Anayebonyeza vitufe vya mifumo hii ni muuguzi au karani mwenye foleni mlangoni. Mwandika programu pengine hajawahi kumwona. Wewe unayeishi jirani na zahanati unaweza kumwona.

Omba ruhusa kwa mkuu wa kituo. Tumia data za kubuni, kamwe si za mgonjwa halisi. Mwombe karani amsajili mgonjwa wa mfano, kisha kaa kimya. Na kukaa kimya ndiko kugumu, hasa kwetu tuliozoea kufundisha. Tazama kidole kinaposita. Tazama anaporudi nyuma bila kujua kwa nini. Tazama zaidi anachokiandika pembeni kwenye karatasi, kwa sababu hapo ndipo skrini imemnyima nafasi.

Yaandike hayo kwa wenye mradi: toleo la programu, hatua alizopita, alichotarajia, kilichotokea, picha ya skrini. Ongeza mchoro wa pendekezo lako, hata wa penseli. Tatizo moja, ripoti moja. Msipeleke sura mpya ya programu nzima mkitegemea kupigiwa makofi. Kila kitufe kinachohama hugusa msimbo, tafsiri, mwongozo na mazoea ya watu, na wengi wa watakaoibeba kazi hiyo ni wa kujitolea.

Hata wenye mradi huliona badiliko kama hilo kuwa zito. Kwa miaka mingi Blender, programu ya michoro ya pande tatu, ilichagua vitu kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Toleo la 2.80 la mwaka 2019 likafanya cha kushoto kuwa chaguo la msingi, lakini likawaachia wakongwe uwezo wa kurudisha cha kulia. Huo kwangu ni usanifu uliokomaa kuliko rangi mpya.

Neno moja kuhusu mafaili, ambalo walimu wa sanaa tunalisahau. Chora kwa Inkscape au Penpot, ambazo nazo ni huria, toa SVG inayoharirika, na utaje leseni uliyoichagua. Ukiacha PNG peke yake, atakayetaka kurefusha kitufe ili maneno ya Kiswahili yaenee atalazimika kuchora upya.