Ugonjwa wa Viungo na Unyumba: Tusinyamaze

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, akina baba na akina mama wakiwa pamoja)



Tunawashukuru kwa kuacha shamba na ng'ombe mkaja kutusikiliza. Leo hatuzungumzii mbuzi wa maziwa wala mkopo wa kikundi. Tunazungumzia jambo la chumbani. Najua wengine mtaona haya, na haya ni kitu kizuri, lakini ikizidi inavunja nyumba. Katika kutembelea familia tumekuta mume na mke ambao hawakugombana hata siku moja. Walitenganishwa na maumivu ambayo hakuna aliyeyataja.

UGONJWA WENYEWE

Wengi wetu tunauita baridi yabisi, lakini jina hilo limebeba magonjwa mengi. Kuna lile la wazee, la goti lililolika kwa miaka mingi. Leo tunasema lile jingine. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Katika ugonjwa huu askari hao wanakosea na kushambulia viungo vya mwili wao wenyewe. Viungo vinavimba na kuuma, mara nyingi pande zote mbili: vidole, vifundo vya mikono, nyayo, magoti. Asubuhi vinakuwa vigumu kwa saa nzima au zaidi. Tena kuna uchovu ambao hata usingizi hauuondoi.

Unaweza kuanza umri wowote, lakini wengi unawashika kati ya miaka 30 na 60, na wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Yaani ni watu ambao bado wana ndoa changa au watoto wa kulea.

Watu husema mama alishikwa na baridi kwa sababu alioga maji baridi baada ya kujifungua. Si hivyo. Ukweli ni kwamba kwa akina mama wengi maumivu hupungua wakati wa mimba, kisha hurudi kwa nguvu mtoto akishazaliwa. Ugonjwa huu si laana, si uchawi, wala hauambukizi. Mume hawezi kuupata kwa kulala na mkewe.

UNAVYOINGIA CHUMBANI

Chukueni mfano wa mama amekama, amechota maji na kusonga ugali kwa mikono iliyovimba. Usiku mume anamgusa, naye anageukia ukuta. Mume anajiambia, "Hanitaki tena, labda kuna mwingine." Mama naye anajiambia, "Nikisema naumwa kila siku, ataoa mke wa pili." Wote wananyamaza. Miezi inapita. Mume anaanza kuchelewa sokoni, na mnajua ukimwi haupigi hodi. Au mama anavumilia tendo akiuma meno, mpaka anaogopa hata jua likitua.

Nyonga na magoti yakiuma, kulala chali ni mateso. Wengine wanapata ukavu ukeni. Uchovu na huzuni vinaondoa hamu. Mwenye vidole vilivyopinda anaona aibu kuguswa. Na akina baba wanaougua, nguvu zao zinapungua kwa maumivu na wasiwasi. Baba asiyeweza kushika jembe, na usiku hawezi pia, anajiona si mwanaume tena. Huyo ndiye mgumu zaidi kusema.

TUFANYE NINI?

1. Semeni mchana, si gizani mkiwa mmekasirika. Maneno ni machache tu: "Nakupenda, lakini leo nyonga inaniuma." Mwenzake naye aulize, "Ni wapi panauma? Ni lini unapata nafuu?"

2. Chagueni saa. Alfajiri viungo ni vigumu, na usiku sana uchovu umezidi. Wengine wanapata nafuu alasiri au jioni, baada ya kupumzika na kuoga maji moto. Kama daktari amekupa dawa ya maumivu, muulize kama unaweza kuinywa kiasi cha saa moja kabla.

3. Badilisheni namna ya kulala. Hakuna amri inayosema mama lazima abebe uzito. Mnaweza kulala ubavu, na mto au blanketi iliyokunjwa chini ya goti. Anayeumwa ndiye aongoze. Kwa ukavu, ulizeni zahanati mafuta yanayofaa. Na msiogope: tendo la ndoa halizidishi ugonjwa.

4. Siku isipowezekana, msilale kama wageni. Kuna kushikana, kukandana mgongo polepole, na mazungumzo. Mtakatifu Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 7, anafundisha kwamba mwili wa mke ni wa mume, na mwili wa mume ni wa mke. Wanaume tunapenda kukumbuka nusu ya kwanza tu. Lakini kama mwili wake ni wako, basi na maumivu yake ni yako.

5. Nendeni hospitali mapema. Dawa ya kuumaliza kabisa haipo, lakini ziko za kuuzuia usiharibu viungo, na kiungo kikishaharibika hakirudi. Jihadharini na unga wa "dawa ya mifupa" usiojulikana umechanganywa na nini. Mkipewa methotrekseti, kumbukeni inanywewa mara moja kwa WIKI, si kila siku. Dawa hiyo ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo nendeni wawili, mwambieni daktari kama mnatarajia kuzaa, naye awapangie kabla dawa haijaanza. Sulfasalazini nayo inaweza kupunguza mbegu za baba kwa muda, lakini zinarudi akiiacha. Msiache dawa yoyote bila kumwuliza daktari.

KAZI YA KIKUNDI

Kikundi hakiingii chumbani kwa mtu, lakini kinaweza kupunguza mzigo. Pangeni zamu ya kumchotea maji na kumkamia mwenzenu siku zile viungo vimewaka. Na baba akibeba mtungi wa maji, msimcheke ati amekaliwa. Nguvu anazomwokolea mkewe mchana, watazigawana jioni.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika kijiji chetu, mtu mwenye viungo vilivyovimba anaitwaje na anasemwaje?
2. Ni kitu gani kinamzuia mume au mke kusema, "Naumwa"?
3. Ni kazi gani kikundi kinaweza kuanza kusaidia wiki hii?

Mungu abariki nyumba zenu. Kabla hamjalala leo, ulizaneni: panauma wapi?