Hotuba ya Miaka 50 ya Taasisi ya Wahandisi wa Kenya



Taasisi hii ilianza mwaka wa 1972, na mwaka wa 2022 ilitimiza miaka 50. Hongereni. Lakini mwananchi anataka kujua kama nyumba anayolala itasimama mvua ikinyesha. Aprili 2016, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua kubwa, na zaidi ya watu 40 wakafa. Lilikuwa kando ya mto, tena bila idhini.

Wewe unayejenga ghorofa, kabla ya kumwaga zege muulize mhandisi wako nambari yake ya usajili, kisha uihakikishe kwa Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Mafundi wetu ni hodari, ila vyuma vya nguzo havipimwi kwa macho. Na michoro ipitishwe na kaunti kwanza.

Nanyi wahandisi: kijana akihitimu chuo kikuu, anahitaji angalau miaka mitatu kazini ili asajiliwe kikamilifu. Wengi hukosa wa kuwaelekeza. Kila kampuni inayopewa barabara au daraja hapa kwetu imchukue mmoja. Nikija kukagua kazi, nitauliza yuko wapi.