Majina ya Vituo, na Majina Yasiyotajwa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu)



Sisi wafanya kazi wa reli hutaja majina kutwa kucha: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Juzi mtoto mmoja alituuliza, huyo Sultan Hamud alikuwa nani? Tukamjibu upesi: Sultani wa Unguja, aliyetawala tangu 1896 mpaka 1902. Akaelekeza kidole milima ya Kilungu. "Na kule alikuwako nani?" Tukanyamaza, na wengi wetu tu wazaliwa wa huku huku.

Kule alikuwako mjane aitwaye Syotune wa Kathuke. Mwaka wa 1911 aliongoza ngoma ya pepo, na watu wengi wakamfuata. Kijana mmoja, Kiamba, akaingiza katika ngoma ile neno la kuipinga Serikali ya kikoloni. Serikali ikawahamisha wote wawili mbali na kwao. Shuleni hatukumsikia hata siku moja.

Upande wa Kitui ni vivyo hivyo. Katika shule ya misheni tulifundishwa kwamba Krapf, mmisionari Mjerumani, ndiye aliyeuvumbua Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Mwenzetu akanyosha mkono, akasema babu yake amemwambia mlima ule ulijulikana zamani. Akaambiwa aketi, hayo hayamo kitabuni. Kumbe Krapf mwenyewe aliyaandika! Alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanya biashara mkubwa wa pembe aliyepeleka misafara mpaka pwani, na Kivoi ndiye aliyemweleza habari za mlima. Hata jina Kenya latokana na Kiinyaa, neno la Wakamba. Mwaka wa 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, akiwa safarini pamoja na Krapf huyo huyo. Mgeni alinusurika, na kitabu kikawa chake.

Wala tusiwataje Wakamba peke yao. Wahindi 2,493 walikufa katika kuijenga reli hii tunayoila mkate. Wahandisi wanatajwa kwa majina, lakini hao kwa hesabu tu.

Mtu atasema, majina yana faida gani, hayaongezi mshahara. Ni kweli. Lakini kituo cha Syokimau kilipofunguliwa mwaka wa 2012, watoto wakaanza kuuliza habari za yule mama mtabiri, anayesimuliwa kuwa aliona nyoka mrefu akipita nchini. Jina likitajwa, mtoto huuliza.

Basi twaiomba Kamati itupe chumba cha tawi Jumamosi mbili kila mwezi. Wazee wa Kitui na Kilungu waje waseme, vijana waandike. Madaftari tumekwisha kununua. Mzee mmoja wa Kilungu amekubali kuja kwanza, ila anaomba nauli.