Umri wa Gari na Moshi Wake



Nianzie pale forodhani Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Tuseme ipo Toyota Probox yenye umri wa miaka 12, imeshushwa Mombasa. Kenya haitaisajili, kwa kuwa kanuni yake ya ukaguzi wa magari, KS 1515, inakataa gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Ndiyo maana kwa mwaka 2025 yalikubaliwa yale ya 2018 na baadaye tu. Ikipitishwa hadi Uganda, inapokelewa. Huko sheria ya usalama barabarani iliyorekebishwa mwaka 2018 inazuia kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, na gari lenye umri kama wa Probox hii hutozwa ushuru wa mazingira. Tazameni pia kwamba upande mmoja unahesabu tangu kiwandani, mwingine tangu usajili. Breki ni zile zile na moshi ni ule ule, ila upande huu gari limeshazeeka na upande ule bado linafaa.

Sasa twende Sop Sop, wilayani Tororo huko Uganda. Sheria ya 2018 iligusa uingizaji; haikumwondoa barabarani aliyekwisha kuwa na gari kuukuu. Hata hivyo mwenye gari hilo ana wasiwasi, na wasiwasi wake nauheshimu. Anajiuliza: leo wamezuia mlangoni, kesho watazuia njiani? Gari lake, Corolla, hubeba mihogo na mtama kwenda soko la Tororo, na usiku mgonjwa akizidiwa, mlango unaogongwa ni wake. Likiondolewa, hapati jingine, maana masharti ya kuingiza na ushuru hupandisha bei ya yanayokuja. Hivyo hulishikilia lile lile, fundi akilitia kiraka juu ya kiraka. Sheria iliyokusudiwa kupunguza magari makuukuu inaweza kuyafanya yaishi zaidi mikononi mwa maskini.

Lakini siungi mkono wanaosema tuachwe tulivyo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje duniani, na asilimia 40 hivi yalikuja Afrika. Moshi huo wanauvuta watoto wetu, na breki zilizokwisha zinaua. Ninachokataa ni kuuchukulia mwaka wa kutengenezwa kuwa shahidi pekee. Ndani ya bomba la moshi kuna kifaa cha kusafisha hewa chafu, chenye platinamu na madini mengine ya thamani, na kwa sababu ya thamani hiyo hung'olewa na kuuzwa. Gari la miaka 7 lililonyang'anywa kifaa hicho linaweza kuchafua hewa kuliko la miaka 16 lililotunzwa, lakini karatasi za lile la miaka 7 ni safi.

Tunaweza kupima kitu chenyewe. Mwaka 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hapo kilichopimwa ni mafuta, wala hakuna aliyeuliza umri wa lori. Uganda iliwahi kuanzisha ukaguzi wa lazima wa magari kupitia kampuni ya SGS, watu wakalalamikia ada, na Bunge likataka usitishwe. Kwangu somo la hapo ni ada na umbali, wala si kwamba dereva anachukia usalama. Mwekeeni kituo Tororo mjini, ada anayoweza kuilipa baada ya kuuza magunia mawili, na muda wa kutafuta spea akikutwa na kasoro.

Na ukaguzi huo uanzie mpakani Malaba, kwenye foleni ya malori yanayonguruma tangu alfajiri yakisubiri kuvuka, kabla ya kuifikia Corolla ya Sop Sop inayokwenda sokoni siku moja kwa juma.