Mkimbizi na mkimbiaji: faida ya mbio kwa akili zetu

Hotuba iliyotolewa Kirolirwe, Masisi, Kivu Kaskazini, katika kikao cha walimu, viongozi wa vijana na wamama wa vyama vya wakulima

 

Nimeombwa kusema juu ya kukimbia, na jinsi kunavyosaidia ubongo na utulivu wa moyo. Najua neno hili ni zito hapa kwetu. Katika Kiswahili, neno moja “kukimbia” limezaa majina mawili: mkimbizi na mkimbiaji. Mkimbizi anakimbia kwa sababu amefukuzwa. Mkimbiaji anakimbia kwa sababu amependa. Miguu ni ileile na moyo unapiga vilevile, lakini matokeo yake ndani ya kichwa yanatofautiana sana.

Watu wa Masisi na Walikale wanazijua mbio za mkimbizi. Mwaka 1993 mauaji yalianzia Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Miaka ya 2007 na 2008, wakati wa vita vya CNDP, barabara ya Sake kwenda Kitshanga ilijaa watu wenye mizigo kichwani. Mwanzoni mwa 2023 mapigano na M23 yalifika Kitshanga na hapa Kirolirwe, na jamaa nyingi zikashuka kuelekea Sake na Goma. Kijana wa miaka ishirini hapa huenda ameshakimbia nyumba yao mara tatu au zaidi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo fulani la afya ya akili: huzuni nzito, wasiwasi, au kidonda cha moyo kinachotokana na mambo ya kutisha. Kwa hiyo katika kikao cha watu arobaini, hesabu hiyo ni watu wanane. Si wenda wazimu. Ni mwalimu asiyelala usiku, ni mama anayeshtuka mlango ukigongwa, ni kijana anayewaka hasira kwa neno dogo.

Ubongo wa mtu aliyekimbizwa

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, inayokaribia ukubwa wa punje ya haragi, ambayo kazi yake ni kupiga kengele ya hatari. Ikisikia bunduki, inaamrisha mwili: moyo uende mbio, pumzi iwe fupi, damu ijae miguuni. Hiyo ndiyo iliyotuokoa, na tuishukuru. Shida ni kwamba kwa mtu aliyeogopa mara nyingi, kengele hiyo haizimiki vizuri. Inalia hata pikipiki ikipasua mlio barabarani. Mwili umejifunza kwamba moyo ukipiga kwa nguvu, maana yake ni vita.

Sasa fikirini mtu huyo anaanza kukimbia taratibu, mchana, na wenzake, kwenye barabara anayoijua. Moyo unapiga, jasho linatoka, pumzi inakuwa fupi. Kisha anasimama, anakunywa maji, na hakuna kilichotokea. Akirudia hivyo wiki baada ya wiki, ubongo unapata somo jipya: moyo unaweza kupiga bila hatari yoyote. Wataalamu wameona kwamba watu wenye wasiwasi wanaofanya mazoezi ya namna hii hupunguza woga wao wa dalili za mwili. Kwangu mimi, hii ndiyo faida iliyo karibu zaidi na maisha yetu.

Kuna faida nyingine pia. Mwili unapokimbia, ubongo hutengeneza protini iitwayo BDNF, inayosaidia seli za ubongo kukua na kushikana, kama samadi inavyosaidia shamba la viazi. Katika utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2011, wazee 120 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitembea kwa haraka dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Lingine lilinyoosha viungo tu. Kwa waliotembea, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka kama asilimia 2. Kwa wale wengine ilipungua. Walimu, mnaosema wanafunzi hawashiki masomo, lisikieni hilo.

Kuhusu huzuni nzito, mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilitoa matokeo ya utafiti wa watu 156 wenye ugonjwa huo, wote wa miaka 50 na zaidi. Wengine walipewa dawa, wengine mazoezi mara tatu kwa wiki, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 nafuu ilikaribia kulingana katika makundi yote matatu. Mwaka 2024 watafiti walikusanya majaribio 218 ya namna hiyo, wakaona kwamba kutembea na kukimbia polepole ni kati ya mazoezi yanayosaidia zaidi.

Swali mnalojiuliza

Najua mama mmoja anasema moyoni: “Mimi natembea kila siku na mzigo wa kuni na mtoto mgongoni. Je, hayo si mazoezi?” Mama, hayo ni mazoezi ya mwili, tena makali. Lakini tafiti zinaonyesha kwamba kazi ya kulazimishwa haileti utulivu wa akili sawasawa na mwendo ambao mtu ameuchagua mwenyewe. Unapobeba kuni, unawaza deni, unawaza nani utakutana naye njiani. Sisemi uongeze kazi juu ya kazi. Nusu saa ya kutembea na wenzako bila mzigo, mkiimba na kucheka, ni kitu kingine kabisa. Bila shaka hiyo inadai wababa washike watoto na jiko kwa nusu saa hiyo. Wababa, mmesikia.

Mfano wa jirani zetu

Kenya kuna mama anayeitwa Tegla Loroupe, wa kabila la Wapokot. Mwaka 1994 alishinda marathoni ya New York, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo. Nyumbani kwao, Wapokot, Waturkana, Wamarakwet na Wakaramojong wa Uganda walikuwa wakiuana kwa sababu ya ng'ombe na malisho. Sisi wa Masisi hatuhitaji kuelezwa ugomvi wa malisho. Mwaka 2003 alianzisha shirika lake la amani na kuandaa mbio Kapenguria na miji mingine, akiwaalika hata wapiganaji wa makabila hayo kukimbia pamoja. Wizi wa mifugo haukuisha kwa sababu ya mbio hizo. Lakini watu waliozoea kuonana kupitia mtutu wa bunduki walionana uso kwa uso, wakichoka pamoja.

Mama huyo huyo aliongoza Timu ya Wakimbizi katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Wanamichezo walikuwa kumi. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliopata hifadhi Kenya, na wawili walikuwa Wakongomani wenzetu wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Wale watano walikuwa wakimbizi na wakimbiaji kwa wakati mmoja.

Tuanze vipi hapa Kirolirwe?

Hapa hatuwezi kukimbia kama watu wa Nairobi. Kijana akitimua mbio asubuhi bila taarifa, kijiji kizima kinaweza kufunga mizigo, na mwenye silaha anaweza kumdhania vibaya. Kwa hiyo ninawaomba tushike mambo haya:

Kwanza, chefu wa kijiji na viongozi wa usalama wajulishwe siku, saa na njia. Siku na saa zisibadilike, ili kila mtu azoee. Wasipokubali, tuanzie kwenye uwanja wa shule.

Pili, tusitoke kwenye barabara inayopitwa na watu kila siku. Vilipuzi vimebaki vichakani. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse. Simama, rudi ulikotoka, toa taarifa.

Tatu, tukimbie mchana, kwa kikundi, na tuimbe. Filimbi tuiache, kwa maana wengine inawakumbusha mabaya.

Nne, tuanze kwa kutembea. Kimbia dakika moja, tembea dakika mbili. Ukishindwa kuongea na mwenzako, umezidisha. Aliyelala njaa, mgonjwa na mjamzito watembee tu au wapumzike.

Tano, wasichana na wamama wachague wenyewe saa, njia na mavazi. Kitenge hakizuii mbio.

Sita, vikundi vichanganyike. Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mnyanga, mwenyeji na aliyerudi kutoka kambini. Tusianze na mashindano ya kijiji kwa kijiji. Mwanzoni afadhali tufike pamoja kuliko kujua nani amefika wa kwanza.

Wapendwa, sitaki mtu atoke hapa akisema mbio zinaponya kila kitu. Mtu asiyelala wiki nzima, anayesikia sauti, au anayesema afadhali afe, huyo apelekwe kituo cha afya, na mtu asimwache peke yake njiani. Kukimbia hakurudishi shamba lililochukuliwa, wala hakufufui wafu wetu. Amani ya mikataba inawangoja wakubwa. Lakini mwili wako ni wako, na hakuna anayepaswa kutia sahihi ili wewe ulale vizuri usiku.

Walimu na viongozi wa vijana, ninaomba kila mmoja aandike leo majina ya watu kumi atakaotembea nao, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Tutakutana tena hapa tuulizane: nani analala vizuri zaidi, nani amepunguza hasira, nani amepata rafiki ambaye hakumtarajia. Majibu hayo yatatuambia tuendelee vipi.