Tranka Moja kwa Kila Darasa

Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Ukerewe



Kamati ya Elimu imepewa dakika ishirini na imeonywa isiombe pesa kabla ya chakula. Tutajitahidi.

Jambo lililo mbele yetu ni hili. Mkutano uliopita ulikwisha kuamua kwamba fedha za mwaka huu ziende kwenye madarasa ya chini ya shule zetu za msingi. Kilichobaki ni kukubaliana zinunue nini. Wako wanaosema tununue kompyuta, tujaze chumba kimoja katika shule moja, tuweke bango la chama mlangoni. Wako ndugu zetu wa ughaibuni waliojitolea kukusanya vitabu vya watoto vilivyokwisha kutumika huko na kuvileta kwa kontena. Na liko pendekezo letu sisi wanakamati, ambalo ni dogo kuliko yote na wala halipendezi kwenye picha: tranka la chuma, lenye kufuli, lililojaa vitabu vya hadithi vya Kiswahili, likae ndani ya darasa. Darasa la kwanza liwe na lake, la pili lake, la tatu lake. Chuma kwa sababu mnawajua mchwa wetu na panya wetu.

Tumekuja kulitetea hilo tranka.

Kwanza tukumbushane sisi ni watu wa wapi. Kisiwa chetu kimetoa waandishi kuliko ukubwa wake. Mzee Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akamaliza mwaka 1945, akakaa na muswada wake miaka na miaka, mwishowe akautia mwenyewe katika Kiswahili. Tanzania Publishing House waliutoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, na hakuna mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili asiyelijua jina lake. Gabriel Ruhumbika, naye wa kwetu, mbali na riwaya zake mwenyewe, ndiye aliyekitafsiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza. Watu watatu, kisiwa kimoja.

Sasa ingia darasa la pili katika shule yoyote ya kwetu, umwombe mwalimu akuonyeshe kitabu ambacho mtoto anaweza kukichukua na kukisoma kwa raha yake tu. Hatusemi mtoto wa miaka minane asome Kezilahabi. Mnaoijua Rosa Mistika mnajua kwa nini. Tunasema kitabu cha kurasa kumi na sita, chenye picha, chenye mbuzi aliyepotea na mtoto anayemtafuta.

Mtatuambia vitabu vipo, serikali inavileta. Ni kweli. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinafika, na hatuvidharau hata kidogo. Lakini kitabu cha kiada kina kazi yake. Kinafundishwa ukurasa kwa ukurasa, darasa zima kwa pamoja, na baada ya muda mtoto anakijua kwa moyo. Walimu waliomo humu ndani watatuunga mkono: mtoto anasimama, anashika kitabu, anatiririka bila kukwama, mgeni anapiga makofi. Kisha mwalimu anafunika picha kwa kiganja, anamwonyesha neno moja katikati ya mstari, na mtoto ananyamaza. Alikuwa anaimba, hasomi. Ili mtoto asome kweli lazima akutane na sentensi ambayo hajawahi kuisikia, na akutane nazo nyingi, kila siku, katika vitabu tofauti tofauti.

Na mtoto wetu ana mlima wa ziada. Anaingia darasa la kwanza akiwa na Kikerewe, Kijita au Kikara mdomoni. Kiswahili chake ni cha mwaloni na cha redio. Anajifunza kusoma na wakati huohuo anajifunza lugha anayoisomea. Mtoto wa namna hiyo anahitaji vitabu vyepesi vingi kuliko mtoto wa Ilala. Kwa kawaida ndiye anayepata vichache.

Hapo ndipo tunapotofautiana na kontena. Tunasema kwa upendo, maana ndugu zetu waliolipendekeza wana moyo mzuri na wamejitolea muda wao. Kontena halichagui. Linaleta kilichobaki kwenye rafu za watu wengine: juzuu ya tatu bila ya kwanza, Kiingereza cha mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiingereza, hadithi ya kuteleza kwenye theluji. Mtoto wa darasa la pili wa Irugwa atafungua, ataangalia picha, atafunga. Tena lipo suala la kanuni. Mtakumbuka Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya kigeni mashuleni, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa hoja ya maadili. Mtu anaweza kukubaliana na uamuzi ule au asikubaliane nao, lakini mwalimu mkuu ndiye atakayeulizwa kitabu hiki kimeingiaje shuleni. Hatutaki kumpelekea mwalimu mkuu maboksi mia na maswali mia. Vitabu tunavyopendekeza ni vile vilivyokwisha kupata ithibati, na orodha itapita kwa Afisa Elimu kabla ya shilingi moja kutoka.

Hatusemi mtoto wa Ukerewe asiione theluji. Aione. Ila aisome kwa lugha anayoielewa, na awe amekwisha kuliona ziwa lake kwenye karatasi.

Ndugu wa ughaibuni, tunawaomba: nauli ya kontena ile, tuma kama ilivyo. Nchini mwetu wako wachapishaji wa vitabu vya watoto vya Kiswahili. Mkuki na Nyota wapo tangu 1991, na mwaka huohuo ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. E&D nao wanachapa. Pesa ikinunua kwao, mwandishi wa Kitanzania anapata sababu ya kuandika kingine.

Sasa, tumechaguaje? Tulitaka majina mengi na nakala chache. Shule nyingi zikipata msaada hununua nakala sitini za kitabu kimoja ili kila mtoto ashike. Sisi tunataka majina thelathini, nakala mbili mbili, ili mtoto akimaliza kimoja kuwe na kingine, na wawili wanaokigombea wakisome pamoja. Ndani ya tranka hadithi zichanganyike na vitendawili, vitabu vya picha tupu ambavyo mtoto anajitungia maneno, na vitabu vya maarifa. Watoto wa kwetu wanapenda maarifa kuliko tunavyodhani. Mpe mtoto wa mvuvi kitabu kinachoeleza injini ya mtumbwi inavyofanya kazi, au sangara alitoka wapi hata akaingia ziwani, uone kama atakirudisha.

Kwa ugumu wa maneno tunatumia kipimo cha vidole, ambacho walimu wengi wanakijua: mtoto asome ukurasa mmoja, akunje kidole kwa kila neno linalomshinda. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho kimsubiri mwakani.

Kisha tukauliza: nani yumo ndani ya vitabu hivi? Hili ndilo lililotuchukua muda mrefu. Kama kila mtoto kitabuni anaishi kwenye nyumba yenye geti na baba mwenye gari, mtoto wa kambi ya wavuvi anajifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba vitabu vinahusu watu wengine. Kama wasichana wote wanachota maji na wavulana wote wanafanya ugunduzi, hilo nalo ni somo, na halimo kwenye muhtasari. Tunataka mtoto wa ziwani awemo. Awemo na mtoto wa Pemba, wa Kimaasai, wa Lushoto, ili wa kwetu ajue nchi yake ina watu gani. Wilaya yenyewe ina visiwa 38, na wako watoto wa Nansio ambao hawajafika hata Ukara.

Na yuko mtoto mwenye ualbino. Kwetu hili si jambo la kusoma gazetini. Kisiwa chetu kinajulikana kuwa na watu wengi wenye ualbino, ni watoto wetu, ni wapwa zetu, baadhi yetu tumeketi nao meza moja leo. Vitabu vinavyomtaja mtoto huyu vipo, lakini vingi vinamtaja ili ahurumiwe. Kitabu kizima ni onyo na machozi. Tunajua kwa nini vimeandikwa, na vina mahali pake. Lakini mtoto mwenyewe akikisoma anajikuta tena yeye ndiye tatizo la hadithi. Sisi tunatafuta kitabu ambamo mtoto mwenye ualbino anafunga goli, anaiba embe, anagombana na dada yake, amevaa kofia yake pana, na hadithi inaendelea. Ni vichache. Tukikipata kimoja tutanunua nakala nyingi.

Tena si picha tu. Ualbino huambatana na uoni hafifu, na macho yanaumizwa na mwanga mkali. Kitabu chenye karatasi inayong'aa kama kioo, ambacho sisi wenye kuona vizuri tunakisifu kwa uzuri, kwa mtoto huyu ni mateso. Mwanga wa dirisha unarudi usoni mwake. Kwa hiyo tumeandika kwenye masharti ya ununuzi: karatasi isiyong'aa, herufi nyeusi juu ya nyeupe wala si juu ya picha, na kila tranka liwe na fungu la vitabu vya maandishi yaliyokuzwa, pointi 18 kwenda juu. Bei inapanda. Tunaomba mkubali ipande.

Hapa ndipo tunapoingia kwenye mashine. Msitufanye watu wa kale wanaoogopa vioo vya kugusa. Tumesoma yaliyotokea Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017, katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa ule, watoto waliopata umri wa kusoma lakini wengi wao hawajawahi kukanyaga shule walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Lilikuwa shindano la kimataifa la XPRIZE. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto wale hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili; baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Programu mbili zilizoshinda, onebillion na Kitkit School, ziligawana dola milioni 10 mwaka 2019, na kwa masharti ya shindano programu zote tano zilizofika fainali ziliwekwa wazi, mtu achukue bure.

Ni matokeo makubwa. Lakini yasomeni yote: nusu nyingine bado hawakuweza. Na kilichofanya kazi si kioo. Ni Kiswahili, ni umeme wa jua usiosubiri nguzo, na ni programu isiyohitaji intaneti. Chumba cha kompyuta tulichopendekezewa hakina hata kimoja kati ya hivyo. Kinataka umeme wa saa zote, mtandao, na fundi ambaye siku kikiharibika atapanda kivuko kutoka Mwanza.

Kwa hiyo kwa kila shule tunapendekeza vitu viwili. Projekta ndogo yenye spika na sola yake, pamoja na flashi yenye vipindi kama Akili and Me na Ubongo Kids, ambavyo vinatengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili; nayo ikae ofisini kwa mwalimu mkuu, itoke kwa zamu. Na vishikwambi vichache, vinne au vitano, ambavyo watoto wenye uoni hafifu wawe wa kwanza kuvitumia. Mtoto ambaye herufi za ubaoni kwake ni ukungu anaweza kuikuza herufi kwa vidole mpaka imtoshe, akageuza ukurasa uwe mweusi na maandishi meupe, asiumwe macho. Kwa mtoto huyo kishikwambi si anasa, ni miwani.

Liko jambo la mwisho ambalo halina gharama kubwa. African Storybook, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2014, inaruhusu mtu yeyote kupakua hadithi zake na kuzichapa, na inaruhusu kuandika zako. Walimu watatu wa kwetu wako tayari. Wanachokosa ni hadithi. Zimo humu ukumbini, vichwani mwa wazee. Bibi na babu wenye hadithi ya sungura, ya jitu la ziwani, ya mawe yanayocheza ya Ukara, tunaomba dakika thelathini za kila mmoja na simu ya kurekodia. Tutaandika kwa Kiswahili na kwa lugha aliyoisimulia.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, pamoja na bei ya tranka lililojaa na bei ya tranka lenye fungu la maandishi yaliyokuzwa. Ukoo unaweza kuchukua tranka moja, na waliosoma pamoja wanaweza kuchukua moja. Andika jina la shule uliyosoma kama unataka liende huko. Ukiacha wazi, tutaanza na shule za visiwa vidogo, ambako msaada huchelewa kufika. Tunataka yawe yamevuka Kisorya kwenda Rugezi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Wazee wenye hadithi wamwone katibu wetu, ameketi karibu na mlango na kinasa sauti chake.